Kompyuta Iliyoundwa Sebuleni

Mzazi wa kipato cha kadiri, ambaye watoto wake wamemwomba kompyuta ya kuchezea, na ambaye amepita madukani akaona kwamba kompyuta kamili ya namna hiyo imezidi uwezo wake, huweza katika zama hizi kupewa shauri ambalo hapewi juu ya chombo kingine chochote cha thamani hiyo nyumbani mwake: anunue viungo kimoja baada ya kimoja, ubao mama na prosesa kwanza, kumbukumbu mwezi ujao, kadi ya picha akiba itakapotimia, kisha aketi na wanawe, bisibisi mkononi, aiunde mwenyewe. Friji hainunuliwi hivyo, wala televisheni, wala simu aliyonayo mfukoni. Shauri hilo limezoeleka mno hata hudhaniwa kwamba kompyuta kwa maumbile yake ni kitu cha kuungwaungwa, ilhali uwezo huo ni jambo lililopatikana katika muda wa takriban miaka hamsini, kwa pupa ya wafanyabiashara fulani, kwa ukarimu wa mafundi wengine, na mahali pengine kwa ukali wa sheria za forodha. Na kwa kuwa ulipatikana, waweza kupotea pia, nami naona ni wajibu nasaba yake ielezwe na wale wanaouthamini.

Aghalabu tarikhi hii huanziwa Marekani, mwezi wa Januari 1975, na sina sababu ya kuanzia penginepo. Mwezi huo gazeti la Popular Electronics lilichapa jaladani picha ya kasha lenye safu za swichi na vijitaa vyekundu, jina lake Altair 8800, kazi ya Ed Roberts, mwenye kampuni ndogo ya MITS katika mji wa Albuquerque, ambayo biashara yake ya vikokotoo ilikuwa imeanguka na madeni kuielemea. Kwa dola 397 mnunuzi alipelekewa vipande na karatasi za maelezo, akalehemu mwenyewe kila kiungo mahali pake kwa muda wa siku nyingi, na alipomaliza alikuwa na chombo kisicho na kibodi wala skrini, chenye kumbukumbu ya kuhifadhi herufi 256 tu. Roberts alitarajia maombi ya mamia, yakaja maelfu. Na la kutia maanani kwa habari yetu ni kwamba watu hao, wakiwa hawana chochote cha kutazama ila vijitaa, hawakuchelewa kutafuta mchezo: mwezi wa Mei mwaka ule ule Dean McDaniel alitunga mchezo ambao ndani yake taa moja huzunguka katika safu, na mchezaji hujaribu kuizima kwa kuigeuza swichi iliyo chini yake wakati barabara, naye akikosea taa nyingine huwaka, kazi ikaongezeka. Wasemao kwamba michezo iliingia katika kompyuta kama upuuzi uliozuka baadaye hawajaitazama Altair. Michezo ilikuwamo tangu miezi ya kwanza, kabla ya barua, kabla ya hesabu za duka.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na jambo jingine ambalo Roberts mwenyewe hakulikusudia liwe kubwa kama lilivyokuwa. Viungo vyake vilichomekwa katika safu ya matundu yenye pini mia, na kwa kuwa mpangilio wa pini hizo ulijulikana, watu wengine wakaanza kutengeneza kadi za kuchomeka humo, na wengine makasha mazima yaliyokubali kadi zile zile. Hapo kiungo cha fundi mmoja kikaweza kukaa katika chombo cha fundi mwingine ambaye hawakupata kuonana. Katika gereji moja ya Menlo Park, California, tarehe 5 Machi 1975, chama cha wapenzi wa vyombo hivyo kilikutana kwa mara ya kwanza, wakapeana michoro na programu bila ijara. Na mmoja wao, Steve Wozniak, alipobuni Apple II ya mwaka 1977, alitia rangi na sauti na vishikio vya kuchezea kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alitaka mchezo wa Breakout uweze kuchezwa humo. Walakini bei ya Apple II ilianzia dola 1,298, na mtu wa mshahara mdogo hakuwa na la kufanya ila kuitazama kwa mbali.

Aliyemkumbuka mtu huyo huko Uingereza alikuwa Clive Sinclair. Kompyuta yake ya ZX81, iliyotoka mwezi wa Machi 1981, iliuzwa paundi 69.95 ikiwa imekamilika, na paundi 49.95 ikiwa vipande vya kuundwa nyumbani. Ilitumia televisheni ya familia kuwa skrini yake na kinasa sauti cha kaseti kuwa ghala la programu zake, basi vyombo viwili vilivyokwishalipiwa vikapata kazi ya pili. Kumbukumbu yake ilitosha herufi 1,024, na katika ufinyu huo David Horne alitunga mchezo wa sataranji uliokaa katika baiti 672, kazi ambayo mpaka leo huwastaajabisha mafundi. Aliyetaka nafasi zaidi alinunua kiungo cha kuchomeka kisogoni, ambacho kilikuwa kikilegea, na kompyuta ikitikiswa kidogo tu kazi yote ya mchana ikapotea. Familia nyingi zilikigandisha kwa ulimbo wa kubandikia karatasi ukutani. Namheshimu Sinclair kwa kuwaingiza katika elimu hii watoto wa wafanyakazi zaidi ya milioni moja. Lakini sharti isemwe kwamba aliyeiunda ZX81 kwa mkono wake hakupata uhuru mkubwa kuliko aliyeinunua ikiwa kamili, kwa sababu viungo vyake vikuu havikukubali kubadilishwa. Ilipopitwa na wakati iliwekwa kabatini yote kwa jumla, na familia ikaanza upya kuweka akiba kwa ajili ya kompyuta ya Sinclair iliyofuata, Spectrum, ya paundi 125.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika tarikhi hii kilitokea Yugoslavia. Sheria ya nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya themanini iliwazuia raia wasiingize kutoka ng'ambo kitu chenye thamani inayozidi Mark 50 za Ujerumani, kiasi ambacho hakikuikaribia bei ya Spectrum. Basi waliokuwa na jamaa wafanyao kazi Ujerumani au Austria waliletewa kwa siri, na wasiokuwa nao walisoma magazeti wakatamani. Katika kiangazi cha 1983 mhandisi Voja Antonić, akiwa mapumzikoni Risan katika pwani ya Montenegro, alikuwa akisoma kitabu cha maelezo ya chipu moja ya kampuni ya RCA, akaona humo fikra iliyomkaa moyoni: kwamba kazi ya kuchora picha katika skrini, ambayo kwa desturi hupewa chipu maalumu iliyo ghali na adimu, yaweza kufanywa na prosesa yenyewe kwa hesabu ya wakati iliyo makini. Aliporudi aliijaribu fikra ile kwa prosesa ya Z80, ambayo ilikuwa rahisi na kupatikana, nayo ikakubali. Hapo akawa na mchoro wa kompyuta ambayo mtu wa kawaida aweza kuiunda kwa vitu anavyoweza kuvipata.

Antonić angaliweza kuiuza rasilmali hiyo. Badala yake aliutoa mchoro wote kwa umma, na Dejan Ristanović, kijana aliyekuwa akiandikia gazeti la sayansi la Galaksija la Belgrade, akauandalia toleo maalumu lililotoka mwaka 1984 ukiingia kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni Kompyuta Nyumbani Kwako. Kompyuta yenyewe ikaitwa Galaksija kwa jina la gazeti. Wahariri, kwa hofu ya kuchapa kitu ambacho hapana mtu atakayekishughulikia, walikadiria maombi machache ya vipande, na watu wapatao 8,000 wakaagiza. Mbao zake zilitengenezwa Buje, katika rasi ya Istria, chipu zikaagizwa kutoka Graz, Austria, na kasha kila mtu alilitafuta kwa akili yake. Programu yake ya msingi ilibanwa katika kilobaiti nne, nafasi ndogo mno hata hapakuwa na mahali pa kumweleza mtumiaji makosa yake kwa urefu, basi ikawa na maneno matatu tu ya kumwambia: Nini, Vipi, na Samahani.

Programu nazo zilitoka angani. Katika Redio Belgrade kulikuwa na kipindi kiitwacho Ventilator 202, na mtangazaji wake, Zoran Modli, alikubali kuzirusha hewani programu za kompyuta kama zilivyokuwa katika kaseti, yaani kelele kali isiyoeleweka na sikio la binadamu. Wasikilizaji waliambiwa mapema wakati wake, wakatega vinasa sauti vyao, na baadaye kaseti ile ile ikaingizwa katika kompyuta na mchezo ukafunguka. Ipo fakhari ya kweli katika jambo hilo. Nchi iliyowafungia watu wake mlango wa forodha iliwaona wakiunda chombo kwa mikono yao na kugawana michezo kwa redio ya taifa, bila mtu kulipa zaidi ya bei ya kaseti tupu, na wengi wa vijana wale wakawa wahandisi. Hata hivyo Galaksija haikuacha uzao. Sheria zilipolegea na kompyuta za Commodore 64 zikafurika, watu waliiacha, kwa kuwa iliundwa kwa maarifa ya kwao wenyewe na hapana kiungo cha dunia ya nje kilichoingiana nayo.

Mlango ambao familia za leo zinapitia ulifunguliwa na kampuni ambayo haikuwa na nia ya kuufungua. IBM ilipoamua kuingia katika biashara ya kompyuta ndogo iliwapa mafundi wake huko Boca Raton, Florida, muda wa mwaka mmoja hivi, nao chini ya uongozi wa Philip Don Estridge wakaona kwamba muda huo hautoshi kubuni kila kitu, basi wakanunua kwa wengine: prosesa kwa Intel, programu ya kuendeshea kwa Microsoft, na viungo vinginevyo popote vilipopatikana. Kompyuta hiyo ilitolewa tarehe 12 Agosti 1981, bei yake ikianzia dola 1,565, ikiwa na matundu ya kuchomeka kadi. Na ili wafanyabiashara wengine wavutwe kutengeneza kadi hizo, IBM ilichapa kitabu chenye mchoro mzima wa chombo, pamoja na ile programu fupi ya kuiamsha kompyuta iwashwapo. Programu hiyo ndiyo pekee iliyokuwa mali ya IBM. Kampuni ya Compaq ya Texas iliiandika upya kwa njia ya uadilifu wa kisheria: kundi moja la mafundi lilisoma ya IBM likaandika kila kinachotendwa nayo, kundi la pili ambalo halikupata kuona msimbo ule likatunga nyingine itendayo vile vile. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikafanya hivyo hivyo, ila yenyewe iliiuza kwa kila atakaye. Tangu siku hiyo mtu yeyote mwenye karakana aliweza kutengeneza ubao unaokubali kadi, kumbukumbu na programu za kompyuta ya IBM.

Wenye karakana walikuwa Taiwan. Kampuni ambazo majina yao leo huonekana katika kila ubao mama, Gigabyte na MSI zilizoanzishwa 1986, ASUS iliyoanzishwa 1989 na wahandisi waliotoka Acer, zilikua kwa kuutengenezea ulimwengu viungo visivyo na mwenyewe mmoja. Na viungo hivyo vilihitaji masoko ya namna yake, ambayo kila mji mkubwa uliyazalisha kwa tabia yake: Akihabara huko Tokyo, mahali palipoanza kwa wachuuzi wa vipande vya redio baada ya vita, Sham Shui Po huko Hong Kong, Nehru Place huko Delhi, na huko Dubai ile barabara ya Khalid bin Al Waleed ambayo wafanyabiashara wa kwetu waliizoea kabla ya wengi wao kujua kuitumia kompyuta. Masokoni humo bei haikuandikwa juu ya chombo kizima. Iliandikwa katika orodha ya viungo, na mnunuzi aliweza kupunguza hapa na kuongeza pale, kumbukumbu nusu na prosesa bora, au kinyume chake, kwa kadiri ya mfuko wake.

Mchezo ndio uliomfanya baba wa nyumba ajue habari hizo. Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Doom, sehemu yake ya kwanza ikagawanywa bure na kunakiliwa kutoka diski hadi diski, na kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za ofisi ikaonekana ghafula kuwa dhaifu. Si mchezo ambao ningependa mtoto mdogo aucheze, kwa ukatili wake. Lakini athari yake katika biashara ya viungo haikanushiki, kwa maana vijana waligundua kwamba haikulazimu kompyuta nzima ibadilishwe, maadamu megabaiti nne za kumbukumbu zaweza kuongezwa kwa bei ya wastani. Kazi yenyewe wakati ule ilikuwa na hatari. Ubao ulipokea umeme kwa plagi mbili zilizofanana, na aliyezibadilishana aliuunguza ubao mara moja, basi mafundi walifundishana kanuni ya kwamba nyaya nyeusi sharti zikutane katikati. Kasi na volti za prosesa zilipangwa kwa kuhamisha vifuniko vidogo juu ya pini ndogo zaidi, kwa kufuata jedwali lililochapwa kwa herufi za kuumiza macho. Nyumba nyingi zilipoteza akiba ya miezi kwa kosa la dakika moja.

Mwaka 1995 Intel ilitoa mapatano yaitwayo ATX, yaliyoweka mahali pa kila tundu la skrubu, ukubwa wa ubao, na plagi moja ya umeme isiyokubali kuingizwa kinyume. Jambo hili halisimuliwi kwa shauku kama zinavyosimuliwa habari za Wozniak na Sinclair, nami naliona ndilo lililomfaa mtu wa kipato kidogo kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Kwa mapatano hayo kasha la chuma lililonunuliwa mwaka ule laweza hata leo kufungiwa ubao uliotoka kiwandani mwaka huu. Fundi wa Mombasa, wa Belgrade na wa Taipei wanatoboa matundu mahali pamoja.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1996 bei ya kumbukumbu ilianguka, na ikawezekana kuuzwa kwa takriban dola 300 kadi yenye chipu za Voodoo za kampuni ya 3dfx, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora picha za michezo, na hata haikuweza kuonyesha maandishi ya kawaida bila kusaidiwa na kadi ya pili. Mwezi wa Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, kwa dola 149, na haukupita muda watu wakatambua kwamba nyingi kati yake, zikipangiwa mwendo wa megahezi 100 katika njia ya ubao badala ya 66, hukimbia kwa megahezi 450 bila kulalamika, sawa na prosesa ya fahari iliyouzwa kwa bei ya mara kadhaa. Habari hiyo ilienea kwa vijana wa dunia nzima, na ubao ulioruhusu mpango huo ukawa ndio unaotafutwa.

Humo ndimo ilimoimarika desturi ya familia kutokununua kompyuta mpya kamwe. Kama jahazi ambalo fundi wa Lamu hulibadilisha ubao mmoja msimu huu na mlingoti msimu ujao, huku jina lake likibaki lile lile, kompyuta ya nyumbani ilibadilishwa kadi mwaka huu, kumbukumbu mwaka wa pili, ubao na prosesa mwaka wa nne. Na viungo vilivyotolewa havikutupwa, vilikusanywa katika kasha la pili, na ndugu mdogo akapata kompyuta yake ya kwanza. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo hupata kuijua thamani ya kila kiungo kwa sababu aliona akiba yake ikiwekwa, na hujua sauti ya feni iliyochoka, na huogopa umeme kwa kiasi kinachofaa. Naamini elimu hiyo ni bora kuliko mchezo ulioileta, nami nimewaona vijana wengi wa ufundi ambao ndiko walikoanzia.

Kwetu Afrika Mashariki desturi hii ilichelewa kwa sababu zinazokumbusha za Yugoslavia. Serikali ya Tanzania, ambayo Wizara yake ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, basi hata ile ZX81 ya kuunganishwa na televisheni ya familia ingalikosa pa kuunganishwa katika nyumba nyingi. Milango ilipofunguliwa hatukupitia Altair wala Galaksija. Tulikutana na kompyuta za maofisi ya Ulaya na Ghuba zilizokwisha kutumika, Dell OptiPlex na HP, zilizopangwa madukani Kariakoo na mitaa ya Luthuli na Moi jijini Nairobi. Kompyuta hizo zina prosesa njema, kumbukumbu ya kutosha, na hazina kadi ya picha. Kwa miaka mingi hazikufaa kwa michezo, kwa kuwa pawa saplai yake ni dhaifu na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Lakini mwaka 2014 kampuni ya Nvidia ilitoa GTX 750 Ti, na mwaka 2016 GTX 1050 Ti, kadi ambazo huridhika na wati zisizozidi 75 zipitazo katika tundu lenyewe la ubao. Kompyuta ya mhasibu ikawa kompyuta ya watoto kwa kuchomekwa kiungo kimoja, na naona hapana njia nyingine iliyoingiza michezo katika nyumba za kadiri za miji yetu kwa gharama ndogo kama hiyo.

Ila wenye kuzitengeneza kompyuta za ofisi hawakuyashika mapatano daima. Katika baadhi ya OptiPlex za miaka ya 2010, mathalan, plagi ya umeme ya ubao ina pini nane za mpango wa Dell peke yake, mahali pa zile 24 za ATX, na yapo makasha membamba yanayokubali kadi fupi tu, hivyo familia iliyodhani imepata msingi wa kujengea kidogo kidogo hujikuta imenunua chombo kisichokubali kukua, kama alivyojikuta mwenye ZX81. Fundi mwaminifu hulifungua kasha mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijatolewa, akahesabu pini, akapima nafasi ya kadi, akasoma wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Na mzazi asiyeweza kuyasoma maandishi hayo aende dukani pamoja na mwanawe anayeweza.